Kungwi wa Kwanza: Mwalimu Aliyekuja Kabla ya Somo wa Harusi



Ukimuuliza bibi harusi wa leo, awe wa Unguja, wa Pemba au wa huku bara, nani atakayemfunda, atakutajia jina la somo wake bila kusita. Somo ameshatafutwa mapema, doti zake za kanga zimewekwa kando, na singo imeshatwangwa. Ni jambo jema. Sasa muulize swali jingine: ulipovunja ungo, nani alikufundisha? Hapo wengi hunyamaza. Mmoja atasema alielezwa na shoga yake wa darasa la sita. Mwingine atasema alidhani anaumwa, akajificha siku mbili chooni na kitambaa cha zamani.

Mimi mwenzenu nipo Kaliua, mkoa wa Tabora. Nashona na kuuza nguo za harusi na sare za shule, kwa hiyo bibi harusi na mwanafunzi wote wanapita mbele ya meza yangu. Leo nataka tuangalie historia kidogo, kwa sababu zamani kufundwa kulikuwa mara mbili. Mara ya kwanza ni msichana anapovunja ungo, mara ya pili ni anapoolewa. Kila mafunzo yalikuwa na mtu wake anayejulikana. Huyu wa harusi tumebaki naye. Yule wa kwanza ametupotea, na watoto wetu wanalipia.

Njia iliyopita huku kwetu

Kaliua ni mji wa reli. Treni ya kutoka Tabora kwenda Kigoma inapita hapa, na hapa ndipo njia ya Mpanda inapochepuka. Lakini kabla ya reli watu walipita kwa miguu. Misafara ilitoka Bagamoyo na pwani ya jirani ikaenda mpaka Tabora, nchi ya Unyanyembe, halafu ikaendelea magharibi mpaka Ujiji, ziwani. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na wakafika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne njiani. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na watu waliofungwa minyororo pia walishuka. Kutoka pwani zilipanda shanga, kaniki na merikani, kitambaa ambacho jina lake lenyewe linakuambia kilifumwa wapi.

Kwa kijana wa Kinyamwezi, safari hiyo ndiyo iliyomfanya mwanamume. Wazungu waliokaa nchi hii wakati ule waliandika kwamba kijana hakuhesabiwa kuwa tayari kuoa mpaka awe amebeba mzigo wa pembe hadi pwani na kurudi na nguo zake mwenyewe. Hakwenda peke yake. Alikwenda na kaka zake na wajomba zake, nyuma ya kirangozi anayeijua njia. Miezi hiyo yote aliwaona wakubwa wakigawana maji, wakigombana na kupatana, wakiuguza mgonjwa. Wanawake nao walikuwemo misafarani, wake za wapagazi, na vyungu vyao kichwani na watoto mgongoni.

Msichana je? Burton katika kitabu chake cha mwaka 1860 aliandika kwamba binti wa Kinyamwezi alikaa nyumbani kwa baba yake mpaka anapovunja ungo. Baada ya hapo wasichana wa kijiji wa rika moja, saba mpaka kumi na wawili hivi, walijijengea nyumba yao mbali kidogo na wazazi. Aliandika pia kwamba wageni wao waliingia humo bila wazazi kuwabughudhi. Hilo sisi Waislamu hatulichukui. Lakini tuone jambo moja: siku damu ilipotoka, binti yule hakubaki peke yake na mambo yake. Kijiji kizima kilijua kwamba sasa yuko katika hatua nyingine, na alikuwa na wenzake waliomtangulia wa kumwonyesha.

Pwani: mwari na kungwi wake

Ukishuka njia hiyo hiyo mpaka Bagamoyo unakutana na utaratibu mwingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliandika desturi za Waswahili, na maandishi yake yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo mna habari za jando la wavulana, na za wasichana na makungwi wao. Bibi zetu wa visiwani hawakuhitaji kitabu, waliyaishi wenyewe. Binti akivunja ungo anaitwa mwari. Anawekwa ndani, na mtu wa kumfunda anaitwa. Mtu huyo si mama yake.

Kwa nini si mama? Kwa sababu wazee wetu waliijua haya. Mama na binti wa Kiswahili wanaoneana haya katika mambo ya mwili, na haya hiyo ni heshima. Lakini haya ikiachwa peke yake, mtoto hafundishwi. Basi wazee wakamweka mwanamke wa tatu, mtu mzima, msiri, anayekubaliwa na nyumba zote mbili, ya baba na ya mama. Huyo ndiye aliyemwonyesha mwari kufunga sodo, kuifua na kuihifadhi, kuhesabu siku, kujitwaharisha, lini aache sala na lini airudie, na kwamba funga anazokosa Ramadhani atazilipa. Alimfundisha pia kujilinda. Na baada ya hapo binti alikuwa na mtu wa kumwendea maisha yake yote.

Unyago kama unavyojulikana Unguja ulivuka bahari na wanawake wa bara. Wengi waliletwa watumwa: Wayao, Wanyasa, Wamakonde, na wengine wa nchi za ndani. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ulianza kuondolewa kisheria mwaka 1897. Mwanamke aliyefika hapo alikuwa amenyang'anywa ndugu, kwao, na mara nyingi hata jina. Elimu ya kulea mwari hawakuweza kumnyang'anya, maana ilikuwa kichwani mwake. Mwanahistoria Margaret Strobel, aliyeandika juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa mwaka 1979, alionyesha jinsi ngoma na mafunzo ya wanawake wa kitumwa yalivyoingia mpaka kwa waungwana. Yaani bibi wa nyumba kubwa na mjakazi wake walikuja kuwa wanafunzi wa elimu moja.

Wa mwisho tuliyemjua wote ni Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013. Dunia ilimjua kwa taarabu, lakini nyumbani alijulikana pia kwa kazi ya unyago, kupiga ngoma na kufunda wasichana.

Najua masheikh wengi wanaukosoa unyago, kwa ngoma zake na kwa baadhi ya maneno yake, na hayo ni ya wenye elimu kuyaamua. Mimi hapa nashika kiti tu, siishiki ngoma. Kile kiti cha mwanamke mmoja anayejulikana, ambaye kazi yake ni mtoto huyu katika umri huu.

Upande ambao hatuusimulii

Tukisifu ya zamani tuyaseme yote. Mwari aliyewekwa ndani, mara nyingi siku aliyotoka nje alitoka kwenda kwa mume. Kungwi alimfundisha mtoto wa miaka kumi na tatu mambo ya mwili wake, na papo hapo mambo ya mwanamume, kwa sababu mlango ulikuwa mmoja.

Tazama tofauti na yule kijana wa Kinyamwezi. Yeye alipimwa kwa safari ya miezi kadhaa, kwenda na kurudi, akionekana na watu wazima kama anaweza kubeba mzigo. Binti alipimwa kwa damu peke yake.

Katika nyumba za kifalme pia umri ulikuja mapema. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Baba yake alipofariki mwaka 1856, Salme alitangazwa kuwa amefika utu uzima na akapewa urithi wake, likiwemo shamba. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Baadaye aliandika maisha yake mwenyewe, na kitabu kikatoka Ujerumani mwaka 1886.

Sasa turudi kwenye dini yetu, kwa sababu wengi wanadhani haraka hii imetoka huko. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu anawaamrisha walezi wa mayatima wawajaribu mpaka wafikie umri wa kuoa, kisha wakiona kwao uongofu wa akili ndipo wawakabidhi mali zao. Dada yangu, hesabu vizuri: ni mambo mawili. La kwanza ni kufikia, la pili ni kupevuka akili, ambako wanazuoni wanakuita rushdi. Mtoto akibalehe anaandikiwa sala na funga, naam. Lakini shamba hakabidhiwi kwa sababu ya damu tu, anajaribiwa kwanza. Kama shamba la minazi linataka rushdi, nyumba na ujauzito vinataka kiasi gani?

Reli ikaja, darasa likaja

Wajerumani walifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi ikafa, na jando lile la barabarani likafa nalo. Kijana akapanda treni kwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya katani na mijini, akarudi na fedha bila kirangozi wala wajomba. Familia zikahama kufuata reli, mashamba na biashara. Leo Kaliua hii utakuta Mnyamwezi, Msukuma, Mha, Mmanyema na watu waliotoka Burundi wakaweka makazi Ulyankulu. Nyumba moja ya kupanga ina familia nne, na shangazi wa mtoto yuko mikoa mitatu mbali.

Halafu likaja darasa. Mwaka 1974, kwa uamuzi uliofanyika Musoma, nchi iliazimia kila mtoto aende shule ya msingi, na mwaka 1977 azimio likaanza kutekelezwa. Hiyo ilikuwa rehema kubwa kwa wasichana. Wiki ambayo bibi yake angekuwa amewekwa ndani, mjukuu alikuwa darasani anajifunza hesabu. Lakini shule ilimchukua msichana bila kumchukua kungwi wake. Mama akadhani mwalimu atasema. Mwalimu, pengine kijana wa kiume wa miaka ishirini na tano, akadhani mama ameshasema. Kungwi naye akahamia kule anakoitwa na kulipwa, ambako ni harusini.

Mafunzo yakapungua, haraka ya kuoza ikabaki. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkoani Tabora, katika kila wanawake 100 wenye miaka 20 hadi 24, 58 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Shinyanga ilikuwa 59. Kwa nchi nzima ilikuwa 37. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, na 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Na Novemba 2021 serikali ikaruhusu wasichana waliopata mimba kurudi shuleni.

Hakimu na waziri wameweza kusema juu ya umri. Hawawezi kukaa na binti yako mkekani siku ya kwanza. Hapo panataka mtu.

Kiti cha kungwi leo

Sisi mafundi tunajua mambo haya mapema kuliko watu wengi, kwa sababu tepe haidanganyi. Kila Januari mama huja na binti kwa ajili ya sare. Namba za mwaka jana ninazo kwenye daftari. Nikipima kifua naona limeongezeka inchi mbili au tatu, na mtoto amekunja mabega ili asionekane. Mama ananiambia, "Mwachie nafasi kidogo hapo," halafu anaangalia nje. Hasemi zaidi. Nikimpata pembeni namuuliza: mwanao ana mtu wa kumfunda? Wengine hucheka. Wengine hukaa kimya, kisha wanauliza kama ninamfahamu mtu.

Mtu huyo anaweza kuwa shangazi, mama mdogo, bibi, ustadhati wa madrasa, au jirani mwenye dini na siri. Mchague wewe mama, mwambie waziwazi kwamba amana hii ni yake, na mwambie binti kwamba huyu ndiye wa kumuuliza. Sifa yake ya kwanza awe hafichui siri, ila pale mtoto anapokuwa hatarini.

Aanze kabla, asingoje damu. Kwa kawaida mwili wa msichana huanza kubadilika kati ya miaka 8 na 13: matiti yanachomoza, nywele zinaota, anarefuka haraka. Damu ya kwanza hufuata baadaye, mara nyingi miaka miwili hivi tangu matiti yaanze. Mwaka wa kwanza na wa pili siku zinaweza kuruka au kuchanganyika, na hilo halimaanishi mtoto ana ugonjwa wala ana tabia mbaya. Dalili zikitokea kabla ya miaka 8, au akifika 15 bila kuona damu, mpelekeni hospitali. Maumivu yakimzuia kwenda shule, mpelekeni pia, msimwambie avumilie tu.

Vitendea kazi visisahauliwe. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, na mwaka 2019 ikairudisha. Kama pedi za dukani ni ghali, sodo ya kitambaa cha pamba inafaa kabisa, mradi ifuliwe kwa sabuni na ianikwe juani mpaka ikauke barabara. Wasichana wengi huificha chini ya godoro ikiwa mbichi, ndipo miwasho inapoanza. Jua si aibu, mtundikie kanga juu yake kama mnaona haya.

Na wavulana wasiachwe. Wao huanza kati ya miaka 9 na 14. Sauti inakuwa nzito, chunusi zinatoka, na usiku mmoja anaamka nguo imelowa hajui nini kimempata. Baba au mjomba amweleze mapema kuhusu ndoto hizo, janaba na kuoga. Amweleze pia habari za wasichana, ili asimcheke mwenzake darasani sketi ikichafuka. Jando la leo wengi wamelifanya ni hospitali na kidonda tu, mafunzo yamebaki nje ya mlango.

Dini imetupa ratiba nzuri. Mtume, rehema na amani ziwe juu yake, alituagiza tuwaamrishe watoto sala wakiwa na miaka saba, na wakifika kumi tuwatenganishe malazi. Yaani malezi ya baleghe yanaanza miaka kadhaa kabla ya baleghe. Na Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, aliwasifu wanawake wa Ansari kwamba haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Walimwendea Mtume wakamuuliza kuhusu hedhi na kujitwaharisha. Walikuwa na haya, na waliuliza.

Kwenu maharusi

Wewe unayefundwa mwezi huu, mwombe somo wako jambo moja la ziada. Ukishamaliza naye mambo ya mume, mwambie akufundishe jinsi ya kumfunda mtoto wa miaka tisa. Kwa sababu ukiolewa unakuwa mke, lakini pia unakuwa shangazi wa watoto wa kaka yako, wifi, mama mdogo, na pengine mama wa kambo wa binti ambaye tayari anakunja mabega. Katika nyumba unayoingia huenda yupo mtoto ambaye hajaambiwa kitu, na wewe ndiye mwanamke mgeni asiyeonewa haya sana. Kaa kwenye kiti hicho.

Na siku binti huyo akivunja ungo mpikieni chakula kizuri, mpeni kanga yake ya kwanza na sodo zake, mfundisheni sala yake na hesabu yake. Kisha Jumatatu arudi shule.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, awarehemu makungwi wetu waliotangulia, wenye majina na waliopotezewa majina, na awajaalie maharusi wote ndoa zenye utulivu. Amin.